Betri Yangu Ilivimba

Wiki ile ya kukabidhi ripoti za mafunzo kwa vitendo, laptopu yangu iligoma kufunga. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inawaka vizuri tu, ila ukishusha kioo kinabaki kimeachama, na ile sehemu ya kugusia kwa kidole ilikuwa imetuna juu kama andazi linaloiva. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi ujenzi na sijui nani alimpa mamlaka juu ya mambo ya umeme. Akatoa hukumu palepale: hewa imeingia, tuitoboe itoke. Bisibisi alikuwa nayo mkononi tayari.

Kilichotuokoa ni kwamba nilimpigia fundi kwanza kumuuliza bei. Hakutaja bei. Alisema, "Msiiguse hiyo kitu, mwanangu. Mtachoma hosteli."

Kesho yake nikapanda daladala hadi Kariakoo, laptopu nimeibeba kwa mikono miwili kama yai. "Shikamoo fundi." "Marahaba, lete huo uvimbe tuuone." Akafungua skrubu kumi na kitu, akachomoa betri taratibu. Ilikuwa kifuko bapa cha karatasi ya fedha, kimejaa upepo kabisa. Chini ya meza yake kulikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa vitu vya mviringo, vinafanana na betri za tochi lakini vinene zaidi kidogo. Alikuwa anavitoa kwenye betri za laptopu za zamani, anavipima kimoja kimoja kwa mita, vizima anaviunganisha kutengeneza pawabenki na taa za kuuzia chipsi usiku. Akanionyesha kimoja. "Hiki hiki ndicho kinaendesha zile pikipiki zisizo na kelele. Wanavipanga vingi tu."

Nilidhani anatia chumvi. Nilipokuja kusoma nikakuta amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Gari la umeme la Tesla la kwanza, Roadster la mwaka 2008, lilibeba betri iliyoundwa kwa seli 6,831 za umbo lile lile la laptopu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Hapakuwa na betri ya gari iliyobuniwa upya. Walichukua kitu ambacho viwanda vya kompyuta vilikuwa vimeshajifunza kukitengeneza kwa mamilioni na kwa bei ya kuvumilika, wakakipanga kwa maelfu. Usafiri wa umeme tunaoushangaa leo umetokea mfukoni na kwenye begi la mwanafunzi, ndiyo maana nataka tuielewe hii betri kabla haijavimba ya kwako.

Sasa inafanyaje kazi? Fikiria chuo chenye mabweni mawili, moja juu mlimani na jingine bondeni. Katikati kuna korongo na daraja jembamba la watembea kwa miguu. Wanafunzi ni chembe za lithiamu. Kila mwanafunzi ana begi, na begi ni elektroni. Daraja lina sheria moja: mtu apite, begi lisipite. Begi lazima lizunguke barabara kuu. Unapochaji, unawasukuma wanafunzi wote wapande bweni la mlimani, kazi ambayo hawaipendi, na umeme wa ukutani ndio unaowasukuma. Ukichomoa chaja na kuwasha kompyuta, wanaanza kuteremka wenyewe kwenda bondeni, wanapita darajani, na mabegi yanazunguka barabarani kuwafuata. Huo msafara wa mabegi ndio umeme unaowasha kioo chako. Wakiisha kuteremka wote, chaji imekwisha.

Bweni la mlimani limejengwa kwa kinywe, madini yale yale yaliyomo kwenye penseli. Kinywe kina matabaka membamba yaliyolaliana kama chapati za kusukuma, na chembe za lithiamu huingia kulala katikati ya matabaka. Vyumba vimebana: kila chembe moja ya lithiamu inahitaji chembe sita za kaboni. Bweni la bondeni ndilo lenye mabadiliko mengi, kwa sababu linaweza kujengwa kwa kobalti, kwa nikeli, au kwa chuma na fosfati. Daraja ni utando mwembamba wa plastiki uliolowa kimiminika, na kimiminika hicho kinashika moto upesi. Hapo ndipo bisibisi ya mwenzangu ingetufikisha. Ukitoboa utando, mabegi yanapata njia ya mkato, yote yanakimbia kwa mara moja, joto linapanda, kimiminika kinawaka, na joto hilo linachochea jingine. Maji ya ndoo hayatoshi kulizima upesi. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 dunia nzima, na kiini kilikuwa kasoro ndogo ndani ya betri zilizofanya pande mbili zigusane.

Na kuvimba? Hiyo ni gesi. Kimiminika kikikaa na joto kali na chaji iliyojaa muda mrefu, kinaanza kuvunjika polepole na kutoa gesi, na kifuko hakina pa kuitolea. Nilipomsimulia fundi ninavyotumia laptopu yangu, aliguna tu. Naichomeka asubuhi hadi usiku, asilimia 100 muda wote, juu ya godoro, chumba cha watu wanne, mwezi wa Januari. Yaani nilikuwa naipika.

Mambo mawili yanasaidia kweli. La kwanza, kama laptopu yako ina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80, uwashe, hasa kama wewe ni mtu wa kuacha waya umechomekwa. La pili, iweke juu ya meza au hata ubao, isiwe juu ya godoro, maana godoro huziba matundu ya kutolea joto. Ile imani ya kwamba lazima uiache izime kabisa ndipo uichaji ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Kwa hizi za lithiamu, kuishusha hadi sifuri kila siku ni kuichosha bure.

Watu watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa sababu ya kifuko hiki. Stanley Whittingham alianza miaka ya 1970 akiwa kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon, jambo linalochekesha kidogo ukilifikiria. John Goodenough, akiwa Oxford, alionyesha mwaka 1980 kwamba bweni la bondeni likijengwa kwa kobalti betri inapata nguvu kubwa zaidi. Akira Yoshino wa Japani akaunganisha mambo mwaka 1985 kwa namna iliyokuwa salama kutumia, na Sony ikaingiza betri hizo sokoni mwaka 1991. Goodenough alipopewa tuzo alikuwa na umri wa miaka 97, hajawahi kuipokea mtu mzee zaidi yake. Ukidisco mwaka huu usijione umechelewa.

Lakini kuna wa nne. Rachid Yazami, Mmoroko mzaliwa wa Fes, akiwa Grenoble nchini Ufaransa, alionyesha mwaka huo huo wa 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye kinywe mara nyingi bila kukiharibu. Bweni la mlimani, kwa maneno mengine, ni kazi yake. Nobel haigawiwi kwa zaidi ya watu watatu, kwa hiyo akabaki nje. Mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Draper, ambayo kwa wahandisi ni heshima kubwa, lakini nani aliwahi kutajiwa jina lake darasani? Mimi sikutajiwa.

Turudi mtaani. Pale nje ya geti letu kuna kijiwe cha bodaboda, na tangu mwaka jana kuna kaka mmoja ana pikipiki ya umeme. Mwanzoni wenzake walimcheka kwamba anaendesha feni. Siku hizi wanamuuliza hesabu. Nami nilimuuliza, halafu nikaenda kuifanya upya hosteli kwa kutumia kitu tunachokijua wote, yaani uniti ya Luku.

Uniti moja ni kilowati-saa moja. Inatosha kujaza simu ya kawaida ya sasa zaidi ya mara 40, au laptopu kama mara 20 hivi. Kilo moja ya petroli, ikiunguzwa yote, inatoa joto la kama uniti 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu inabeba kama moja ya tano ya uniti, na ile betri nzito ya risasi na asidi iliyo kwenye magari inabeba chini hata ya hapo, kama moja ya ishirini na tano. Ukisimama hapo utasema petroli imeshinda mara sitini na mjadala umefungwa. Haujafungwa. Injini ndogo ya pikipiki hugeuza kama robo tu ya ule moto kuwa mwendo; inayobaki ni joto la kuunguza mguu wa abiria na kelele. Mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90. Pengo linashuka kutoka mara sitini hadi mara kumi na sita au kumi na saba. Bado ni kubwa, na ndiyo sababu ndege za masafa marefu hazitaendeshwa kwa betri hivi karibuni. Kwa bodaboda anayezunguka mjini na kusimama kila baada ya dakika chache, pengo hilo linavumilika.

Upande wa hela ndio unaouma. Pikipiki ya petroli inakula kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 7,500. Ya umeme inakula uniti tatu hadi nne kwa umbali huo huo, na uniti kwa mtumiaji wa kawaida haifiki shilingi 400. Hata ukizidisha kila kitu, haifiki 1,600. Ongeza kwamba hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta.

Sasa kwa nini kijiwe kizima hakijahamia? Kwa sababu sijataja betri yenyewe. Betri ya uniti tatu ina uzito wa kilo ishirini na kitu na inakwenda kilomita 70 au 80 hivi, na bodaboda wa kweli anapita hapo kabla ya magharibi. Kuichaji kunachukua masaa, na masaa yale mteja anapanda ya mwenzako. Halafu kuinunua ni mtaji wenyewe. Bei zimeshuka kwa kasi: mwaka 2010 betri ya uniti moja, kwa wastani wa dunia, iligharimu zaidi ya dola 1,000, na mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 115. Bado dola mia tatu na kitu kwa kijana wa kijiweni ni hela ndefu, na hapo hajalipa usafirishaji wala kodi.

Treni ya SGR iliikwepa shida hii yote. Ilipoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ilikuwa inakula umeme moja kwa moja kutoka waya wa juu wenye volti 25,000. Treni haibebi umeme wake mgongoni, inauchuma njiani. Lakini huwezi kutandika waya juu ya kila uchochoro wa Manzese na Sinza, kwa hiyo chombo kinachoingia uchochoroni lazima kibebe chakula chake.

Jibu lililopatikana Kigali, Nairobi na Kampala, ni kubadilishana. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali mwaka 2019: dereva anamiliki pikipiki, betri ni ya kampuni. Ikiisha anaingia kituoni, anaacha iliyokwisha, anapachika iliyojaa, analipia umeme alioutumia na kuondoka, muda mfupi kuliko foleni ya petroli. Ni mpango mzuri na sina neno juu ya ufundi wake. Ila angalia kilichobadilika. Zamani ukimaliza rejesho la pikipiki, imekuwa yako, na petroli unanunua kituo chochote. Sasa pikipiki inaweza kuwa yako na tenki lake si lako, na linajazwa kwenye vituo vya mwenye betri peke yake.

Hapa kompyuta inarudi kwa mlango wa nyuma. Ndani ya kila betri ya namna hii kuna kompyuta ndogo. Kazi yake ya kwanza ni usalama: inapima volti ya kila kundi la seli, inapima joto, inakata umeme kabla mambo hayajaharibika. Laptopu yako inayo pia, ndiyo inayokuambia umebakiza asilimia 23. Kwenye betri ya pikipiki kompyuta hiyo mara nyingi ina laini ya simu. Inajua ilipo, imetembea kiasi gani, dereva anaibana vipi. Na aliye upande wa pili wa laini anaweza kuizima. Kaka wa getini kwetu hakuchukua ya kubadilishana. Alinunua betri yake kwa mkopo, anachaji nyumbani usiku na mchana anapumzika saa mbili kuiongezea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikikosa rejesho waje wanikute kijiweni tugombane, siyo inazimika nikiwa na abiria Ubungo." Sijui kama ni hesabu sahihi kibiashara, lakini nimemwelewa.

Tukitoka mjini tukaenda machimboni, betri hiyo hiyo inageuka kuwa habari ya uchumi wa nchi. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani inachimbwa Kongo, sehemu kubwa kuzunguka Kolwezi na mkoa wa Lualaba, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Sisi wenyewe tuna nikeli Kabanga, wilayani Ngara, na kinywe Mahenge na mkoani Lindi. Ukisikia wanasiasa wakisema madini ya kimkakati, ndiyo haya.

Tatizo ni lile bweni la bondeni nililosema linajengwa upya kila mara. Katikati ya miaka ya 1990, Goodenough huyo huyo, akiwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Texas, alionyesha na wenzake kwamba chuma na fosfati vinaweza kufanya kazi ya kobalti. Betri ya aina hiyo inabeba umeme pungufu kidogo kwa kilo, lakini ni rahisi, inadumu zaidi na haishiki moto upesi. Kwa miaka mingi haikutiliwa maanani sana. Leo ndiyo inayoongoza kwenye magari ya umeme China, na ndiyo inayofaa pikipiki zetu. Haina kobalti hata kidogo, wala nikeli. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka, ikaongeza muda, na Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo maalumu. Serikali inaweza kufunga mpaka; haiwezi kuwazuia wakemia wasijifunze kuishi bila madini yako.

Kinywe kina bahati zaidi. Uwe umetumia kobalti au chuma, bweni la mlimani bado ni kinywe, kwa hiyo Mahenge haijatishwa kwa namna ileile. Lakini kinywe kinachotoka ardhini hakiingii kwenye betri moja kwa moja. Lazima kisagwe kiwe chembe za duara ndogo mno, kisafishwe hadi kiwe safi karibu asilimia 100, kisha kipakwe kaboni juu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa mno inafanyika China, na China ilipoanza kudai vibali vya kusafirisha kinywe nje Desemba 2023, viwanda vya betri vya nchi nyingine vilitoka jasho. Kwa hiyo kuwa na mwamba si kuwa na bidhaa. Na mlango wa kutorokea upo hapa pia: kinywe kinaweza kutengenezwa kiwandani kutokana na masalia ya mafuta ya petroli, na betri za sodiamu, ambazo kampuni ya CATL ya China ilizitangaza mwaka 2021, hazitumii kinywe cha Mahenge wala cha popote. Anayesoma kemia au jiolojia hapa chuoni ana mada ya tasnifu ya kutosha, na ningependa kuona mmoja wenu akiuliza kwa namba: kusafisha kinywe hadi kiwango cha betri kunahitaji uniti ngapi kwa tani, asidi kiasi gani, na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linaipunguza vipi gharama hiyo? Semina ya aina hiyo mimi ningekuja hata bila chai.

Betri mpya ya laptopu ilinigharimu sehemu ya bumu ambayo ilikuwa imeshapangiwa mambo mengine. Ile ya zamani fundi alikataa kuichukua. Seli za mviringo anazitaka, hizi za kifuko hazimfai, na kuitupa kwenye taka alisema ni dhambi, kwa sababu wakichoma taka jioni italipuka usoni kwa mtu. Akaniambia niizamishe kwenye mchanga mkavu, niiweke mbali na jua na kitanda.

Nimeuliza ofisi tatu hapa chuoni ni wapi mtu anapeleka betri iliyovimba. Ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu wakaniambia niandike barua. Wakati huo, kwa hesabu ya haraka niliyofanya kwenye korido yetu yenye vyumba kumi na viwili, nimekuta laptopu mbili zisizofunga vizuri, simu moja iliyoachana na mgongo wake, na pawabenki moja imetuna iko chini ya mto wa mtu. Wawakilishi wetu wa serikali ya wanafunzi, kopo la chuma lenye mchanga na kifuniko kwenye kila jengo, na makubaliano na mtu wa kuja kuyamwaga kila muhula, si bajeti ya kutisha. Barua nimeshaandika. Betri yangu bado iko kwenye kopo la maziwa ya unga, nje ya dirisha, upande wa kivuli.